Kabla Hazijawa Zilipendwa

Mzee alikuja redioni siku ya Alhamisi saa nane mchana, jua la Mombasa likiwaka hata paka wa uani wamejibanza chini ya magari. Alivaa shati la mikono mirefu, limepigwa pasi likakaa. Simtaji jina kwa kuwa sikumwomba ruhusa, ila wasikilizaji wa Pwani waliokula chumvi ya kutosha wanalijua gitaa lake. Miaka ya 1970 alipiga kwenye bendi za mahoteli ya ufukweni, watalii wakicheza kando ya bwawa la kuogelea na wapishi wakichungulia mlangoni mwa jiko. Aliweka mezani kwangu flashi iliyofungwa ndani ya kipande cha karatasi ya daftari.

"Mwanangu, hizi mpya. Ziko nne. Nimezirekodi mwezi jana."

Nilimshukuru kwa adabu zote. Jumamosi usiku, kwenye kipindi changu cha zilipendwa, nilimtaja, nikamsifu, nikapiga wimbo wake wa 1974 ambao kila mtu anaujua. Flashi ilibaki kwenye droo. Wiki iliyofuata alipita tena, akaulizia kwa mbali, kama mtu anayeulizia hali ya mgonjwa wa jirani. Nikamwambia nitazisikiliza. Hakuja tena.

Kipindi hicho nimekiendesha kwa miaka mingi, na ninakipenda. Lakini Kiswahili kimeificha hukumu ndani ya jina lake, katika ile silabi ya pili. Zi-li-pendwa. Mapenzi yenyewe yamekwisha kuwekwa katika wakati uliopita, na mwimbaji aliye hai, anayekesha akitafuta sauti nyingine kwenye nyuzi zake, anafungiwa humo pamoja nayo.

Ndiyo maana nilipopata nafasi ya kwenda Marekani Januari 2023 kumtembelea dada yangu anayeishi Jersey City, nilimwambia mapema kwamba siku moja naiomba iwe yangu peke yangu. Sikuitaka kwa ajili ya Sanamu ya Uhuru wala yale majengo marefu. Nilitaka kutembea kwa miguu katika mitaa ambayo mwimbaji David Bowie aliipita majira ya baridi ya mwaka 2015, alipokuwa akienda kazini kutengeneza albamu yake ya mwisho.

Wengi kwetu hawamjui sana, nami sikulelewa na nyimbo zake. Nilimjulia kwenye sahani moja ya santuri ya ami yangu, baharia, iliyokuja na meli. Ilikuwa Lodger, ya mwaka 1979. Ndani yake mna wimbo uitwao "African Night Flight", na katikati ya vurumai ya ala unasikia maneno ya Kiswahili, ya salamu na shukrani, yakitoka mbiombio kinywani mwa mzungu kama vitu vilivyookotwa njiani. Na kweli aliviokota. Alikuja Kenya na mwanawe mwaka 1978, na Mombasa akawakuta marubani wa Kijerumani waliokuwa wakishinda kwenye mabaa, na wimbo ukatokana na hao. Ami alikuwa akiirudisha sindano pale pale, mara ya tatu, ya nne, atuone tunavyokodoa macho. Miaka mingi baadaye nikasoma kwamba Bowie amemwoa Iman, binti wa Mogadishu, ambaye mpiga picha Peter Beard alimwona Nairobi mwaka 1975 alipokuwa mwanafunzi wa chuo kikuu pale. Nikawa namwona Bowie kama shemeji wa mbali.

Tarehe 11 Januari 2016, Jumatatu, nilikuwa zamu. Kama saa tatu na nusu asubuhi habari zikaingia: amefariki jana yake New York, kwa saratani aliyoificha mwaka mmoja na nusu, siku mbili baada ya kutimiza miaka 69. Siku ile ile ya kuzaliwa, tarehe 8, ndiyo aliyotoa albamu yake, Blackstar. Nikakimbilia rafu. Nikapiga "Heroes", nikapiga "Life on Mars?", nikamalizia na "Let's Dance" kwa kuwa hiyo hata madereva wa matatu wanaijua. Albamu iliyokuwa na umri wa siku tatu sikuigusa. Mtu kafa akiwa na kazi mbichi mkononi, nami nikamzika na nyimbo za ujana wake.

Baadaye nilipoisikiliza, niliisikiliza kama dunia nzima ilivyokuwa ikifanya: kama wosia. Prodyuza wake wa tangu miaka ya 1960, Tony Visconti, alikuwa ameandika siku ile ile kwamba albamu ni zawadi ya kuagana, na nani angembishia? Kila neno likawa linatafutiwa kaburi. Video ya "Lazarus", iliyotoka siku moja kabla ya albamu, ilimwonyesha amelala kitandani, macho yamefungwa kwa kitambaa na vifungo viwili mahali pa mboni. Nani angeona kitu kingine pale zaidi ya mtu anayeaga? Miaka saba niliisikiliza hivyo. Iliniliza, kisha niliirudisha mahali pake, kama unavyofanya na picha ya maiti.

* * *

Treni ya kutoka Jersey City hupita chini ya mto Hudson na kukutoa Christopher Street. Nilipopanda ngazi kufika juu, baridi ilinipiga masikioni kama kofi. Nilijua kwamba mahali pa mwisho pa safari yangu, baa moja ya chini ya ardhi, pako katika mtaa huo huo, lakini niliupita mlango wake bila kugeuza shingo. Nilitaka kwanza kuanzia nyumbani kwake.

Bowie na Iman waliishi Lafayette Street tangu mwaka 1999, katika jengo la matofali lililokuwa zamani kiwanda. Hakuna kibao. Siku zile za Januari 2016 hapa palijaa maua na mishumaa mpaka watu wakawa wanapita barabarani. Mimi nilikuta mwanamume anashusha makasha ya mboga kutoka kwenye gari, na kijana mmoja amesimama upande wa pili anatazama madirisha ya juu. Tulitazamana, tukajuana, hatukusemezana.

Kutoka hapo nilianza kuhesabu hatua. Unateremka Lafayette, unavuka Prince Street, unakata kulia kuingia Crosby Street, ambayo ni uchochoro ukilinganisha na Broadway iliyo nyuma yake. Imetandikwa mawe ya zamani, yamesuguliwa na magurudumu mpaka yanang'aa, na kila jengo lina ngazi za chuma za kukimbilia moto zinazoning'inia mbele kama mifupa ya samaki. Unavuka Spring Street. Namba 49 iko mkono mmoja na maduka ya nguo ya bei kubwa. Nilitazama saa: hazikupita dakika saba. Sikuwa nimeharakisha.

Hapa ndipo ilipokuwa studio ya Magic Shop. Ilifunguliwa mwaka 1988 na kufungwa Machi 2016, miezi miwili baada ya kifo chake, gharama za kubaki katika mtaa kama huu zikiwa zimeishinda. Nilikuta mlango tu, umefungwa. Niliweka kiganja juu yake. Chuma kilikuwa baridi hata nikahisi kinanata.

Dakika saba. Sijui kwa nini jambo hilo lilinishika kooni. Siku zote nilikuwa nimeiwaza albamu ile ikitengenezwa mahali pasipo na anwani, gizani, kati ya dunia na ahera. Kumbe ilikuwa mtaa wa pili. Mtu anaamka, anavaa koti, anapita penye makasha ya mboga, anavuka barabara mbili akiangalia taa, anagonga mlango.

Na waliokuwa ndani wamesimulia. Januari, Februari na Machi 2015, wiki moja moja kila mwezi, waliingia wanamuziki wanne wa jazi: Donny McCaslin na saksafoni na filimbi, Jason Lindner kwenye vinanda, Tim Lefebvre kwenye besi, Mark Guiliana kwenye drams. Mpiga gitaa Ben Monder akajiunga nao baadaye. Bowie alikuwa amekwisha kuwatumia rekodi alizozitengeneza nyumbani, ala nyingine kazipiga mwenyewe. Kazi ilianza kama saa tano asubuhi na kufika saa kumi alasiri, basi, kila mtu kwao, kama ofisi. Naye hakukaa nyuma ya kioo akitoa amri. Alisimama nao chumbani, akaimba huku wanapiga, kwa sauti yote, wakati mwingine mara moja na ya pili, ikawa imepatikana.

Alikuwa kwenye matibabu. Visconti ameeleza siku Bowie alipofika akitoka moja kwa moja kwenye kemo, nywele hazipo, nyusi hazipo, akamketisha wakatazamana uso kwa uso ili amwambie. Bendi nayo ilibidi ijue, maana mwili hausemi uongo. Kisha wakavaa spika za masikioni wakaendelea. Ndani ya chumba hicho walikuwa wakisikiliza rapu ya Kendrick Lamar, na nia iliyotajwa wazi ilikuwa kuikwepa roki. Hebu fikiria. Mtu wa miaka 68, aliyekuwa ameimba roki kwa nusu karne, mwili unamsaliti, halafu anachokitaka ni kujifunza lahaja nyingine ya muziki kwa vijana wa jazi.

Kwetu tunasema ng'ombe akivunjika guu hurejea zizini. Waimbaji wa roki wakizeeka hurejea hivyo hivyo. Hurekodi upya nyimbo za ujana wao na okestra, huimba nyimbo za Krismasi, hutoa mikusanyo. Siwadharau, mimi mwenyewe ninakula kwa mikusanyo hiyo. Bowie pia alijua zizi liko wapi. Mwaka 1990 alizunguka dunia akitangaza kwamba anaziimba nyimbo zake maarufu kwa mara ya mwisho, ingawa baadaye alizirudia. Mwaka 2004 mshipa wa moyo wake uliziba akiwa kwenye tamasha Ujerumani, akazibuliwa hospitalini, na kwa miaka kadhaa watu wakadhani amestaafu. Aliporudi mwaka 2013 na The Next Day, iliyorekodiwa kwa siri nyuma ya mlango huu huu wa Crosby Street, jalada lake lilikuwa lile la "Heroes" la mwaka 1977, limebandikwa mraba mweupe juu ya uso wake mwenyewe. Mchoraji Jonathan Barnbrook ndiye aliyelibuni, na Bowie akalikubali. Mimi mtu wa zilipendwa nilipoliona jalada lile mara ya kwanza niliona limeharibiwa. Sasa, nikiwa nimesimama mbele ya mlango, nililielewa.

Nilivaa spika zangu za masikioni nikauweka wimbo wa kwanza wa Blackstar. Una karibu dakika kumi, na ulirekodiwa kama nyimbo mbili zikaunganishwa. Safari hii sikuyafuata maneno. Nilimfuata Guiliana. Drams zake hazitulii, zinaguguna kama panya darini, mikono ya binadamu inaiga mashine inayokaribia kuharibika, na juu yake sauti ya mzee inakwenda polepole, haina haraka yoyote, kama mtu anayetembea katikati ya soko bila kugusana na mtu. Halafu katikati yote inafunguka, kama unapofungua dirisha la upande wa bahari, na saksafoni inaingia. Huo ni ufundi. Kuna mtu aliyekaa akapanga: hapa tukimbie, hapa nisikimbie. Watu waliokuwa wakicheka wakati wa chakula cha mchana.

Nilisimama pale mpaka mlinzi wa duka la jirani akaanza kuniangalia, nikaondoka.

* * *

Nilipitia East 4th Street, kwa kuwa haikuwa mbali, kuutazama ukumbi wa New York Theatre Workshop. Ni jengo dogo, ungelipita. Hapa Desemba 2015 ilifunguliwa tamthilia ya muziki Lazarus, aliyoiandika na Enda Walsh, na usiku wa ufunguzi ndio watu walimwona hadharani kwa mara ya mwisho. Sikukaa.

Njiani kuelekea Washington Square niliingia duka moja la sahani za mitumba, nikaikuta Blackstar, kona moja imebonyea. Muuzaji alinipunguzia kwa sababu ya kona hiyo. Bustani yenyewe ilikuwa na jua, jua la Januari ambalo linaangaza bila kupasha, na wazee walikuwa wakicheza chesi huku wamevaa glavu zilizokatwa vidole. Bowie alipata kusema kwamba hapa ndipo mahali alipopapenda kuliko pote New York. Nilikaa kwenye benchi nikaifungua ile sahani.

Jalada la mbele ni jeusi, na nyota imekatwa katikati yake, imetobolewa kabisa, hivi kwamba unachokiona kupitia tundu hilo ni sahani yenyewe. Uso wa Bowie haumo. Niliitoa sahani, nikalikunjua jalada na kuligeuzia jua. Lile karatasi la ndani, ambalo chini ya taa za duka lilikuwa jeusi tii, likaanza kutoa vitone vya nuru. Kimoja, kingine, halafu uwanja mzima wa nyota. Barnbrook hakuitangaza siri hiyo. Wasikilizaji waliigundua wenyewe miezi kadhaa baada ya albamu kutoka, kwa kuliacha jalada juani. Nililigeuza likafifia, nikalirudisha likawaka. Mtoto mmoja mwenye kofia ya sufu alikuja akasimama mbele yangu, akaniangalia nikimwonyesha, akanyoosha kidole akagusa nyota moja, mama yake akamwita.

Hapo nilikumbuka jambo alilolisema Johan Renck, aliyeongoza ile video ya "Lazarus". Wazo la kitanda lilikuwa lake yeye, Renck, na alilipata kutokana na hadithi ya Lazaro katika Biblia. Hakuwa akiwaza ugonjwa. Alikuja kujua baadaye kwamba wiki ile ile walipokuwa wakipiga picha, Novemba 2015, ndipo Bowie alipoambiwa matibabu yanasimamishwa. Kabla ya hapo, katikati ya mwaka, afya ilikuwa imeonyesha kurudi. Maana yake ni kwamba nyimbo zile tulizozisoma kama barua ya mtu aliyekwisha kukata tamaa ziliandikwa na mtu aliyekuwa bado anapigana, na kwa muda fulani akidhani ameshinda. Alikitazama kifo, hilo sibishi. Kimo katika albamu kuanzia jina lake. Lakini alikitazama kama fundi anavyolitazama gogo: nitoe nini humu?

Kutoka kona ya kaskazini-magharibi ya bustani unafika West 8th Street kwa hatua chache, na hapo ipo Electric Lady, studio aliyoijenga Jimi Hendrix na kufunguliwa mwaka 1970. Hii ingali hai. Hapa Tom Elmhirst alizichanganya sauti za Blackstar, na hapa pia, Januari 1975, Bowie alikuwa na miaka 28 aliporekodi "Fame" pamoja na John Lennon. Miaka arobaini, chini ya paa moja. Nilitarajia ulinganifu huo unipe hisia fulani kubwa. Haukunipa. Nilichokiona ni kijana anatoka na kamba za spika shingoni, anakimbia kununua kahawa.

* * *

Saa tisa alasiri nilikuwa nimerudi Christopher Street, sasa nimesimama mbele ya ule mlango niliouruka asubuhi. Namba 55 iko ubavuni mwa Stonewall Inn. Ilikuwa baa tangu mwaka 1919, ngazi chache chini ya usawa wa barabara, dari fupi, na miaka mingi ilikuwa na jazi kila usiku. Ilifungwa Mei 2022. Nilichelewa kwa miezi minane.

Yote yalianzia hapa. Mwaka 2014 Bowie alikuwa akishirikiana na Maria Schneider, mtunzi wa okestra ya jazi, na Schneider ndiye aliyemwelekeza kwa McCaslin. Usiku mmoja wa Juni alikuja, akateremka ngazi hizi, akaketi meza iliyo karibu na wapigaji. McCaslin amesema alimwona na akajitahidi kutomfikiria, apige tu. Bowie alisikiliza, akaondoka. Baada ya muda ikaja barua pepe, na rekodi ndani yake.

Nilikaa kwenye ngazi. Huwa nasoma kwamba wasanii wakubwa wanapofika umri ule hutumiwa watu: maprodyuza vijana huletwa, makampuni hupanga nani aimbe na nani. Huyu aliteremka ngazi mwenyewe, akakaa kwenye kiti cha baa kama msikilizaji yeyote, kwenda kutafuta watu wa kumsumbua. Na alipowapata, hakuwaambia wapige kama Bowie. Sahani ilitoka na nyimbo saba, dakika 41, na ikawa ya kwanza kumfikisha namba moja Marekani katika maisha yake yote. Tuzo tano za Grammy zikafuata mwaka 2017. Haya yote yalikuja baada yake na sidhani yangemshughulisha sana, maana alikuwa ameshaanza kitu kingine. Visconti amesimulia kwamba kama wiki moja kabla ya kifo Bowie alimpigia simu ya video. Alikuwa na nyimbo tano mpya, amezirekodi nyumbani kwa majaribio. Alitaka waingie tena studio watengeneze albamu moja zaidi.

Nyimbo tano. Niliifikiria ile flashi kwenye droo.

Vidole vilikuwa vimekufa ganzi lakini nilifungua simu. Mombasa ilikuwa saa tano za usiku, saa ambayo mtu mzima humpigii mzee wa watu, kwa hiyo nikamtumia ujumbe wa sauti. Nikamwambia, "Shikamoo mzee. Ni mimi wa redioni. Naomba radhi sana. Zile nyimbo zako nne sikuzisikiliza, wala sikuzipiga, na hilo ni kosa langu. Nikirudi, Jumamosi ya kwanza, nataka kuzipiga zote nne, na wewe mwenyewe uwepo ikiwa utaniruhusu."

Alama mbili za buluu zikatokea papo hapo. Mzee alikuwa macho. Nikaona anarekodi, anaacha, anarekodi tena. Watu wawili walipita juu yangu wakitafuta namba ya Stonewall. Kisha ujumbe ukaingia.

"Marahaba, mwanangu. Pole na baridi, nasikia huko ni kali." Akakohoa. "Zile nne zitupe. Nilikuwa bado sijalipata lile gitaa la pili, lilikuwa linanikimbia. Sasa nimelipata. Hebu sikiliza hapa." Nikasikia simu ikiwekwa juu ya meza, kiti kikivutwa, na uzi mmoja ukikazwa, ukilegezwa, ukikazwa tena.